Kitabu kiko wapi? Vitabu pepe, visomaskrini na Mwalimu wa Kiwanjani

Samahani kwa ukimya wa wiki kadhaa, wasomaji wangu. Mlioniandikia kuuliza kama nimehama Isiolo, jibu ni hapana. Bado niko hapa hapa Kiwanjani, karibu na kiwanja cha ndege kilichoupa mtaa huu jina lake. Nilikuwa narekebisha programu ambayo mwezi uliopita niliwatangazia kwa mbwembwe kwamba imekamilika. Haikuwa imekamilika. Leo nawasimulia kilichotokea, kisha nawarudisha nyuma kwenye historia, maana nilipoanza kulitafuta kosa langu nilikuta limewahi kufanywa na watu wakubwa kuliko mimi, tena zaidi ya mara moja.

Programu yenyewe ni ndogo. Inafungua vitabu pepe vya EPUB kwenye simu za Android, hata zile kuukuu, na haili bando kitabu kikishaingia kwenye simu. Niliijaribu kwenye simu tano tofauti. Nilichokipenda zaidi ni jinsi ukurasa ulivyokuwa ukijikunja unapoufungua kwa kidole, kama karatasi kabisa. Mkunjo huo ulinila usiku nne.

Jirani yangu ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na haoni tangu utotoni. Nitamwita Mwalimu tu, kama anavyoitwa na mtaa mzima. Alisikia habari za programu, akaniita kwake.

"Niwekee na mimi, mwanangu. Nimechoka kusomewa."

Kila jioni mtoto wa ndugu yake humsomea sura ya kesho ya kitabu cha darasa. Mtoto akisinzia, somo la kesho nalo limeishia hapo. Faili la kitabu analo, amelilipia, liko kwenye simu yake. Kwa hiyo nilimwekea programu, akawasha TalkBack (kisomaskrini cha Android, yaani programu inayotamka kilichoko kwenye skrini) kwa kasi ambayo mimi sikushika hata neno. Ilibidi aipunguze kwa ajili yangu. Akapitisha kidole juu ya skrini.

"Kitufe kisicho na lebo. Kitufe kisicho na lebo. Kitufe kisicho na lebo."

Mara sita. Akashuka katikati, palipo na maandishi yenyewe. Kimya.

"Mwanangu, kitabu kiko wapi?"

"Kiko hapo, Mwalimu. Kimejaa skrini nzima."

"Mbona hakisemi?"

Nilinywa chai yangu haraka nikaenda nyumbani. Kosa nililipata usiku uleule. Ili ule mkunjo upendeze, nilikuwa nayachora maneno ya kitabu kama picha. Kisomaskrini hakina macho. Kinachofanya ni kuiuliza programu: hapa kidole kilipo una nini? Programu isipojibu, hakuna cha kutamka. Yangu ilikuwa na kitabu kizima tumboni, ikiulizwa inanyamaza.

Sasa historia. Kwenye chumba cha Mwalimu kuna rafu iliyojaa kutoka sakafuni hadi dirishani, na vitabu vyake vyote pengine vingeenea kwenye begi moja kama vingekuwa vya chapa ya kawaida. Ni vya nukta nundu, yaani Breli. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa 1809 na kupofuka akiwa mtoto, alichapisha mfumo wake mwaka 1829. Kenya ulipata makao katika shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, kisha shule nyingine zikafuata. Mashine ya Perkins iliyo mezani kwa Mwalimu ni ya muundo ulioanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951. Ina uzito wa karibu kilo 5, na ukiigonga usiku jirani anajua unaandika.

Nukta nundu hazina mbadala kwa kujifunza tahajia, na Mwalimu hakubali mtu azidharau mbele yake. Shida yake ni foleni. Kitabu kipya cha darasa kinapotoka, lazima mtu akae akinakili, karatasi nene zichapwe, zisafirishwe. Wanafunzi wanaoona wanafungua ukurasa wa kwanza Januari. Mwalimu anaendelea kusubiri.

Mashine zinazosoma zilikuja taratibu. Mwaka 1976 Ray Kurzweil alionyesha Marekani mashine iliyoweza kutazama ukurasa uliochapwa na kuusoma kwa sauti. Mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Kisha zikaja kompyuta za mezani. Ted Henter, aliyekuwa akishindana kwenye mbio za pikipiki hadi ajali ya gari ilipompofusha mwaka 1978, alitoa JAWS mwaka 1989. Wakati ule skrini ya DOS ilikuwa herufi tupu, mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja. Kisomaskrini kilizichukua herufi kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuzitamka. Waandishi wa programu hawakulazimika kufanya lolote, wala wengi wao hawakujua kwamba kuna mtu anawasikiliza.

Ilipokuja Windows, maandishi yakageuka kuwa vitu vilivyochorwa, na wasioona wakajikuta wamefungiwa nje ya kompyuta walizokuwa wakizitumia jana yake. JAWS ya Windows ilitoka 1995, lakini bei yake ilifikia karibu dola 1,000. Hesabu mwenyewe ni mishahara mingapi ya mwalimu wa miaka ile. Ahueni ilianza 2006, Michael Curran wa Australia, asiyeona, alipoanza kuandika NVDA na kuigawa bure, akisaidiana baadaye na James Teh, naye asiyeona. Programu huria iliyoandikwa na wanaoihitaji! Mwalimu anaitumia kwenye kompyuta yake hadi leo.

Kinachonishangaza mimi mwandishi wa programu ni hiki: kitabu pepe ni maandishi tangu kuzaliwa. Ukilifungua faili la EPUB kwa programu ya kufungua vifurushi vya ZIP (jaribu leo), ndani utakuta kurasa za kawaida kama za tovuti, orodha ya sura, na faili dogo linaloeleza kitabu ni cha nani na kwa lugha gani. Hakuna cha kunakili, hakuna karatasi nene. Tangu 1996 muungano wa maktaba za wasioona uitwao DAISY ulikuwa ukitengeneza kanuni za vitabu vya kusikiliza ambavyo mtu anaweza kuruka kutoka sura hadi sura. EPUB ilipotoka 2007 ilirithi kazi hiyo, na EPUB 3 ya 2011 ikairithi zaidi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na watengenezaji wa programu za kusomea ndio waliokuja kusimama mlangoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na kitabu pepe cha Alice in Wonderland kilichotolewa kwa programu ya Adobe. Hadithi hiyo ni ya 1865, haina haki za mtu tena. Hata Waswahili tumekuwa nayo tangu 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Lakini ukifungua orodha ya ruhusa za kitabu kile pepe, ilitamka kwamba kitabu hakiwezi kusomwa kwa sauti. Watu walicheka sana: je, nikimsomea mwanangu kitandani nitashtakiwa? Kampuni ikaeleza kwamba maneno yale yalihusu tu kitufe cha programu cha kusoma kwa sauti. Kweli, ila kwa asiyeona kitufe kile ndicho kitabu chenyewe. Kampuni hiyohiyo ilitoa Digital Editions mwaka 2007, nayo haikusomeka kwa visomaskrini hadi toleo la pili la 2012. Miaka mitano. Najua ilivyokuwa: kuna mtu mahali fulani alikuwa na mkunjo wake wa ukurasa.

Kisha ukaja mwaka 2009, ambao ulikuwa na mambo. Februari Amazon walitoa Kindle ya pili, kifaa cha dola 359 chenye uwezo wa kusoma kitabu chochote kwa sauti ya mashine. Chama cha waandishi wa Marekani, Authors Guild, kikalalamika kwamba sauti ile inaua soko la vitabu vilivyorekodiwa. Kabla mwezi haujaisha Amazon walilegea: mwenye haki za kitabu aamue kama sauti izimwe. Aprili wasioona na wenye shida nyingine za kusoma chapa wakaandamana mbele ya ofisi za chama hicho New York. Hawakuomba vitabu vya bure. Walitaka kununua.

Na hapo palikuwa na kichekesho cha pili ambacho magazeti mengi yalikipita. Hata sauti ikiwashwa, menyu za Kindle hazikusema. Asiyeona alihitaji mtu mwenye macho amfungulie kitabu, amwashie sauti, kisha aondoke. (Mtoto wa ndugu yake Mwalimu, tena kwa dola 359!) Vyuo kadhaa vilipoanza kuvijaribu vifaa hivyo darasani, mashirika ya wasioona na mwanafunzi mmoja walikishtaki Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Juni 2009. Walipatana Januari 2010, na Kindle iliyotoka baadaye mwaka huo ilikuwa na menyu zinazotamka. Mwaka uleule wa 2009 Apple waliweka VoiceOver kwenye iPhone 3GS, Google wakaleta TalkBack, na Julai waya wa SEACOM uliokuja kwa njia ya bahari ukawashwa Mombasa. Thika nako, shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka huo na Irene Mbari-Kirika, lilianza kuwafundisha kompyuta watoto wa shule ya wasioona. Sisi tulio huku juu, kusubiri tumekuzoea, lakini hata Isiolo mabadiliko yalifika.

Sheria zilifuata nyuma kama kawaida yake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa na nyenzo za kumwondolea vikwazo. Mkataba wa Marrakesh wa Juni 2013 unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya kusomeka kwa wasioona bila kuomba kibali cha mwenye haki kila mara, na kuvishwa mpaka wa nchi. Kenya ilijiunga Juni 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020, na sheria yetu ya hakimiliki ikarekebishwa 2019 iendane nao. Mwaka 2022 Kenya ikatoa kiwango chake cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, KS 2952. Nimekisoma baada ya aibu yangu, si kabla.

Sasa turudi sebuleni kwa Mwalimu, maana kuna mlango mwingine ambao historia ya Marekani haikunitayarisha nao.

Nilitupa mkunjo. Nikaiweka kila sura ndani ya dirisha la kawaida la kurasa za tovuti, ambalo Android inajua kulieleza kwa kisomaskrini, nikavipa vitufe vyote majina, nikarudi kifua mbele. Mwalimu akagusa katikati. Kitabu kikasema! Lakini kilisema kama mtalii aliyeshuka ndege asubuhi ile. "Kale" ikawa "keil". "Wake" ikawa "weik". "Pole" ikawa "poul", na "mate" sitaki hata kueleza. Mwalimu alicheka hadi akaomba maji.

Kosa lilikuwa langu tena. Kila kitabu cha EPUB hubeba alama ya lugha, na kifaa changu kidogo cha kutengenezea mafaili kilikuwa kinaweka alama ya Kiingereza kwenye kila kitu, kwa sababu hivyo ndivyo mifano niliyojifunzia ilivyokuwa. Herufi mbili: "en" badala ya "sw". Nilipozibadilisha, simu ikachukua sauti ya Kiswahili.

Sauti hiyo nayo ina historia yake. Katikati ya miaka ya 2000, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa Jambo OpenOffice (2004), Mucemi Gakuru na wenzake wa Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa Uingereza, walikuwa wakiijenga mashine ya kutamka Kiswahili, na mwaka 2005 wakaieleza kwenye mkutano wa wataalamu wa sauti huko Lisbon. Huduma ya NAFIS ya kuwapa wakulima habari kwa simu ilitumia kazi ya aina hiyo. Upande mwingine Jonathan Duddington wa Uingereza aliandika eSpeak, programu ndogo mno isiyojali kama una intaneti, inayosema lugha chungu nzima, Kiswahili kikiwemo. Sauti yake ni ya bati, na wenye macho huidharau. Mwalimu anaipenda. Anasema sauti tamu ukiikimbiza inagugumia, ya bati ukiikimbiza inabaki bati. Siku hizi Google wana sauti ya Kiswahili kwenye Android, na Microsoft wana Rafiki na Zuri wa Kenya, Daudi na Rehema wa Tanzania. Hao wanne ni fasaha ila wanakaa kwenye sava za mbali, na bando likiisha wanaondoka nalo.

Ungedhani Kiswahili ni rahisi kwa mashine: irabu tano, herufi zinatamkwa kama zilivyoandikwa, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kaa na Mwalimu saa moja uone. Mwandishi kaandika "wanafunzi 3", mashine inasoma "wanafunzi tatu". Vitabu vitatu, miti mitatu, watu watatu: tarakimu ileile, ngeli tofauti, na mashine haijui ngeli. "Barabara" ya magari na "barabara" ya sawasawa zinatoka sawa. Kwenye faili moja alama ya juu ya "ng'ombe" iliandikwa kwa herufi isiyo ya kawaida, sauti ikakata katikati, ng'ombe akawa wanyama wawili. Hakuna mjaribuji wa Kiingereza atakayenikamatia hayo. (Kwa utani nilimwekea pia sauti ya Kioromo ya eSpeak NG, kwa kuwa Kiborana ni jamaa yake. Aliisikiliza kimya, kisha akamwita mama yake aje asikie simu inayojaribu kusema lugha ya nyumbani. Mama alisema ni mgeni, lakini apewe maziwa.)

Kwa majaribio yenyewe tulitumia vitabu vya mazoezi vya DAISY, vilevile ambavyo wajaribuji wa kujitolea hutumia kwenye epubtest.org. Navyo ni EPUB: kila zoezi linakwambia fanya hili, unapaswa kusikia lile, ndiyo au hapana? Je, unaweza kufungua orodha ya sura bila kuona? Kuruka kichwa hadi kichwa? Kusoma mfululizo bila sauti kukwama mwisho wa ukurasa? Ili tuwe na kipimo, Mwalimu alijaribu pia Thorium, programu ya bure ya EDRLab ya Paris, kwenye kompyuta yake kwa NVDA. Thorium ilitushinda vibaya. Tuliandika yote tuliyoshindwa.

Lakini jaribio gumu zaidi halikutoka DAISY. Mwalimu aliuliza: "Mwanafunzi akisema, Mwalimu, tuko ukurasa wa 43, mimi nitafikaje?"

Sikuwa na jibu. Kwenye skrini kurasa hubadilika kila ukikuza herufi. EPUB ina dawa, orodha ya kurasa inayoonyesha ukurasa wa karatasi unaanzia neno gani, ila faili lake halikuwa nayo. Kwa hiyo tuliitengeneza sisi. Jioni saba, mimi na kitabu cha karatasi, yeye na simu sikioni. Nasoma maneno manne ya kwanza ya kila ukurasa, yeye anayatafuta, ananiambia "hapo", mimi natia alama. Mtoto wa ndugu yake alikuwa akitupita kwenda kucheza mpira.

Jumatatu iliyopita alikwenda darasani na simu mfukoni na waya mmoja sikioni. Mchana akanipigia. Msichana mmoja alikuwa amebishana naye juu ya neno la mhusika, akataja ukurasa wa 61, na Mwalimu akafika pale kabla darasa halijamaliza kufunua. Nilitaka kushangilia, akanikatiza.

"Sikiliza. Nilipopigiwa simu katikati ya kusoma, ilinirudisha mwanzo wa sura. Na kengele ilikuwa inakaribia. Lini utaniondolea hilo?"

Nimemwambia Ijumaa.